Mwenye Nywila Ndiye Mwenye Kompyuta

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari moja wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Baada ya mazungumzo, mwalimu wa taaluma alinipeleka kwenye chumba cha kompyuta. Zilikuwa kumi na mbili, zimefunikwa vitambaa. "Daktari," akaniambia, "hizi zimekwisha. Tunasubiri kibali tuziondoe."

Tulipoziwasha, nyingi ziliwaka. Programu zake zilikuwa nakala zisizo na leseni, zilizoingia kwa flashi pamoja na virusi. Nywila ya msimamizi aliijua fundi mmoja tu, naye alikwisha kuhama wilaya. Shule ilimiliki mashine, lakini haikuweza kuongeza wala kupunguza chochote ndani yake.

Tatizo hili si la Sikonge peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hiyo shule au ofisi ina njia tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usiozibwa nyufa, au kuweka mfumo mwingine. Njia ya tatu, yaani Linux, haihitaji ada ya leseni. Inahitaji maarifa.

Maarifa yenyewe si mengi. Katika mifumo kama Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, programu huja katika kifurushi. Vifurushi huhifadhiwa katika hazina, na orodha yake hutiwa saini ya kidijiti ambayo kompyuta huikagua kabla ya kupokea kitu. Ukitaka programu ya kuhariri picha, unaandika "sudo apt update" ili kupata orodha mpya, kisha "sudo apt install gimp". Kifurushi kikitegemea vingine, mfumo huvileta wenyewe.

Kuondoa ni "sudo apt remove gimp". Hata hivyo, amri hiyo huacha faili za mipangilio ya mfumo. "Purge" ndiyo huzifuta, na "autoremove" huondoa vifurushi vilivyokuja kama wasaidizi na sasa havina kazi. Mtumishi wa umma ataelewa upesi: mkuu wa idara huhamishwa, taratibu zake zikabaki mezani. Tena, hata "purge" haigusi nyaraka zilizomo katika folda ya mtumiaji. Ofisi inayouza kompyuta chakavu baada ya kuondoa programu tu, huenda imeuza na kumbukumbu za wananchi, ilhali tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sikonge imo katika nchi ya Wanyamwezi, ambao wapagazi wao walibeba vitambaa na shanga kutoka pwani, wakateremka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Njiani watawala walidai hongo, ushuru wa kupita katika nchi zao. Neno hilo leo lina maana nyingine, lakini hali haijabadilika sana: anayeshika nywila peke yake amesimama njiani, na shule nzima haipiti mpaka apatikane, aridhishwe.

Nitaambiwa kuwa intaneti ni ghali. Ni kweli. Lakini kompyuta moja inaweza kupakua vifurushi mara moja, nyingine zikavichukua kutoka kwake kwa waya, bila kutumia bando. Nitaambiwa pia kuwa baadhi ya mifumo ya ofisi inahitaji Windows. Pale inapohitajika, na ibaki. Sidai dini mpya; nadai uamuzi uwe wetu. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wengi wa wanafunzi wangu hawajapata kuisikia.

Napendekeza mambo matatu yasiyosubiri bajeti. Kila shule na ofisi iwe na watu wawili wanaoijua nywila ya msimamizi, na nakala yake ifungwe katika bahasha kwa mkuu. Kuwe na daftari la programu zilizowekwa na zilizoondolewa. Na fundi anapohama, akabidhi kwa maandishi, kama mhasibu anavyokabidhi vitabu.

Siku ile tuliweka Linux katika kompyuta mbili. Nilimwomba msichana wa kidato cha tatu aandike amri ya kwanza. Alisita. "Mwalimu, nikiharibu?" Nikamwambia aiondoe programu hiyo, kisha airudishe. Aliweka, akaondoa, akaweka tena. Mara ya tatu hakuniuliza kitu.

Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama nyuma yetu, kitambaa cha vumbi mkononi. Akauliza, "Daktari, sasa hii nywila tuiandike wapi?" Laiti swali hilo lingeulizwa siku kompyuta zile zilipoletwa.