Sekenke: Mtoto wa Machimboni Akilewa, Tumuulize Nani?

Dhahabu ya Sekenke iliwahi kugharamia vita. Mwaka 1916 Wajerumani waliitumia kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Mgodi wao ulifungwa zamani, ila wachimbaji wadogo wa Iramba bado wanaisaka, na machimboni fedha haina mwezi wala mshahara: leo mfuko mtupu, kesho umetuna. Kila tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya, tunahubiri maadili. Mimi naona tatizo la vijana wa maeneo kama haya linaanzia kwenye kazi.

Chukua kijana wa miaka 15 aliyeacha shule. Anabeba mawe hadi kwenye karasha ya kuyasaga, analipwa taslimu, analala kambini mbali na mama yake. Wakubwa wanamwambia bangi inaondoa woga wa kushuka duarani, yaani shimoni, na gongo inapoza mgongo. Muuzaji anaijua siku ya malipo kuliko mzazi. Huyo utampa semina gani?

Tiba tuliyoijenga nayo haimfikii. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na imeokoa watu wengi. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini methadoni ni ya waraibu wa heroini na jamii yake, haimsaidii mvuta bangi wala mnywa gongo. Huyu anahitaji mshauri nasaha wa kukutana naye mara kwa mara, tena karibu, kwenye zahanati anayoweza kuifikia kwa miguu.

Marufuku peke yake? Pombe ya viroba ilipopigwa marufuku Machi 2017 niliunga mkono, maana bei yake ilitosha mfukoni mwa mwanafunzi. Gongo, hata hivyo, haihitaji kiwanda. Na polisi wakivamia kambi, anayekamatwa kirahisi ni yule kijana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na machimbo yametajwa humo. Basi mwenye leseni ya uchimbaji awajibike. Atajitetea kwamba ndani ya eneo lake kuna wenye maduara wengi, kila mmoja na vibarua wake. Ni kweli, lakini mgawo wake kwa kila duara anaujua. Na umri wa vibarua aujue vilevile. Tume ya Madini ina meno: leseni ni yake kutoa na kufuta.

Pingamizi linaloniumiza ni jingine. Mtoto akifukuzwa Sekenke bila pa kwenda, atahamia rashi nyingine, yaani machimbo mapya, na kwao chakula kitapungua. Waraka wa elimu wa Novemba 2021 uliruhusu walioacha shule kurejea, ila mvulana aliyezoea kushika fedha yake hatarudi kwa tangazo tu. Sehemu ya tozo ambazo halmashauri inapata kwenye dhahabu hiyo ilipie ufundi wake, chakula chake chuoni na mshauri wa zahanati, kabla mkaguzi hajamtoa duarani.