Safari ya Mwanza Iwe ya Nchi Kavu



Tangu itajwe katika mkutano wa matawi kwamba chama kiandae safari ya mapumziko kwenda Mwanza, karafuu zitakapokwisha, maneno yamekuwa mengi. Wako wasemao kwamba kutembea ni kazi ya wenye mishahara, na mkulima akipata kitu aezeke bati. Wako na wengine, khasa vijana, ambao safari waitaka lakini wataka kupanda ndege Dar es Salaam asubuhi, wafike Mwanza kabla ya chakula cha mchana, wapige picha mbele ya Jiwe la Bismarck, na siku ya tatu wawe wamekwisha rudi. Sisi twaona makundi yote mawili hayajaliangalia jambo hili sawasawa.

Kwa hao wa bati hatuna ugomvi. Bati ni jambo jema. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini baina ya mikarafuu yake na kituo cha kununulia karafuu, asimwone mkulima mwingine ila jirani yake, atajuaje kama anapunjwa au anapendelewa? Hana cha kupimia. Tena twauliza: mama aliyechambua makonyo usiku baada ya usiku, akaamka alfajiri kutandika majamvi, na wingu likitokea akakimbia kuyakunja, nani amepata kumwuliza kama amechoka? Kupumzika si mali ya mtu wa ofisini peke yake.

Kwa hao wa ndege maneno yetu ni marefu kidogo, kwa sababu ndege itaruka juu ya yale yote tunayokwenda kuyaona.

Tukishuka boti Dar es Salaam tutapanda treni ya umeme, ambayo tangu 2024 yafika Morogoro na Dodoma. Tushuke Morogoro. Mjini pale mtu akiinua macho tu auona mlima Lupanga, na nyuma yake safu ya Uluguru yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanywa maji yake, chanzo chake ni huko. Baridi yake ni ya kuvaa sweta, na mwanachama asiyenalo aazime mapema.

Lakini mandhari si yote. Upande wa Matombo na Mkuyuni, chini ya milima hiyo hiyo, kuna mikarafuu. Ndiyo, mikarafuu, tena si michache. Wengi wetu twasema habari za karafuu kama kwamba Mungu aliiumbia Unguja na Pemba peke yake, na hali mti wenyewe ni mgeni kwetu, asili yake visiwa vya Maluku, ukaja kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Wale wa Uluguru hawana shirika moja la Serikali lenye haki ya kununua peke yake, kama sisi tulivyo na ZSTC. Twende tukawaulize wenyewe: nani anawapimia, bei inakaa au inayumba, na mwaka wa karafuu nyingi huwa vipi? Kila siku kibarazani twabishana kama shirika moja latufaa au latubana. Majibu yako mwendo wa siku moja kutoka kwetu.

Kutoka Morogoro ni Dodoma, nchi ya mizabibu. Hapa tumekwisha ulizwa, basi tuseme wazi: divai wengi wetu haituhusu, na safari haitapita kwenye vikombe. Inayotuhusu ni zabibu yenyewe na mkulima wake. Katika nchi ile kavu mzabibu wazaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena kwenye Agosti na Septemba. Ukitembea Hombolo au Mpunguzi utauona umetambazwa juu ya nguzo na waya, mstari kwa mstari, chini mchanga mwekundu. Zabibu zake mbichi ni tamu, na za kukausha zapatikana. Watoto wataomba waletewe.

Lakini tazama shida yake. Zabibu iliyoiva haingoji mtu. Ikishakatwa, siku chache tu imeharibika, na mnunuzi mkubwa ni mwenye kiwanda cha divai. Matangi ya kiwanda yakijaa, mkulima hana pa kwenda. Imetokea zaidi ya msimu mmoja wakulima wa Dodoma kubaki na zabibu mkononi bila mnunuzi, na kilio chao kikafika Bungeni. Sasa tujiangalie sisi. Karafuu iliyoanikwa vizuri ikakauka hukaa miaka ghalani. Katika mazao yote ya biashara ni machache yenye nguvu ya kungoja kama letu. Na nani katika sisi anangoja? Ada ya skuli ikifika, au arusi, mtu auza karafuu zikali juu ya mti, kwa bei ya mwenye fedha. Mwenye zao lioozalo alazimishwa na zao lake, lakini sisi twalazimishwa na nini? Mwanachama akisimama katika shamba la Hombolo akafikiri hayo, nauli yake imekwisha rudi.

Kutoka Dodoma kwenda Mwanza, kupita Singida na Shinyanga, ni siku nzima ya basi, karibu kilomita 700. Wenye viuno vibovu watanung'unika, na watakuwa na haki.

Halafu ndilo Ziwa. Mtu wa kisiwani haamini mpaka aonje: maji mpaka upeo wa macho, mawimbi, mitumbwi, harufu ya dagaa wameanikwa, na hakuna chumvi. Mji wa Mwanza umekaa juu ya mawe, jiwe juu ya jiwe, nyumba zimejipachika baina yake, mgeni aona kama yatamwangukia. Tutazame na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Jambo moja la afya: pwani yenye majani na maji yaliyotulia msiingie miguu mitupu. Kichocho twakijua sisi Pemba, na Ziwani wanacho na cha matumbo pia.

Bora ya safari yote, kwa rai yetu, ni barabara ya Mwanza mpaka Musoma, Ghuba ya Speke ikiwa mkono wa kushoto. Mwanzoni tu mwa njia, Igoma, yako makaburi ya watu wa MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Twataka tusimame hapo tuwasomee dua wote. Sisi tuliongoja maiti za Spice Islander Septemba 2011 hatuhitaji kuelezwa kitu na mtu.

Mbele kidogo ni Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, kisha Magu, Lamadi penye lango la Serengeti, Bunda, na kando ya njia Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere. Njia yote ni nchi ya pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima hawa viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kiongozi wao Paul Bomani, na haukupita muda wakaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba yao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na viliporudi katika miaka ya 1980 havikuwa tena na nguvu ile. Wako wazee huko wakumbukao enzi zote mbili. Tukakae nao, tusiharakishe.

Wakati tunaopendekeza ni mwisho wa Machi, Idi ikisha pita: karafuu zetu zimekwisha, na Dodoma zabibu bado zipo. Kila mtu ajilipie nauli kwa kuweka kidogo kidogo kwa katibu wa tawi lake. Mfuko wa chama usiguswe. Na fomu iwe na nafasi ya majina mawili, la bwana na la bibi. Katika orodha ya kwanza tuliyoletewa, majina yote yalikuwa ya wanaume, nasi tumeirudisha kwenye matawi.