Wito kwa Wananchi wa Maisaka: Tuwalee Mbwa wa Mitaani kwa Ajili ya Wapiganaji wa Kagera



Tarehe 25 Julai kila mwaka nchi yetu huwakumbuka mashujaa wake. Kumbukumbu hiyo ni haki yao, lakini haimtoshi aliye hai. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, waliokwenda kuyatimua hawakuwa askari wa JWTZ pekee. Walikuwamo mgambo, polisi na askari magereza. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hata waliokuwa vijana wadogo wakati ule leo wamevuka miaka 60, na kiwewe cha vita hakistaafu pamoja na askari. Humrudia kwa jinamizi, kwa kushtuka mlango ukigongwa, kwa kujitenga na watu. Wakati huohuo, mitaani wanazaliwa watoto wa mbwa wasio na mwenyewe, wanaokua kwa kufukua majalala na kuishia kupigwa mawe au kuuawa. Naomba tuyakutanishe mahitaji haya mawili: tuwachukue watoto hao wa mbwa, tuwachanje, tuwalee na kuwafundisha, kisha tuwakabidhi kwa wazee waliopigana vita ile, hasa wanaoishi peke yao, kwa ridhaa yao.

Jambo hili lina ushahidi. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchini Marekani, shirika la K9s For Warriors huwapa askari wa zamani mbwa ambao wengi wao wametoka katika vituo vya mbwa waliotelekezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia askari wa zamani 156 walioomba mbwa kwa shirika hilo, 81 wakiwa wamepewa mbwa na 75 wakisubiri zamu yao. Baada ya miezi 3, waliopewa mbwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya kiwewe, sonona na wasiwasi, ingawa mbwa hakuchukua nafasi ya matibabu. Mbwa hao hufundishwa kutambua hofu inapoanza. Mikono ya bwana wake ikitetemeka, husogea na kumwegemezea kichwa pajani. Jinamizi likimvamia usiku, humsukuma kwa pua mpaka aamke. Bila wakufunzi, mbwa wetu hawatafika huko mara moja. Hata hivyo, mbwa mtulivu anayetii, anayelinda mlango usiku na kumfanya mzee atoke nje asubuhi, tayari ni msaada mkubwa.

Wapo watakaosema kwamba mbwa wa mitaani wana kichaa na dawa yao ni kuuawa. Hofu yao ni ya haki, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Lakini kinachokata mnyororo wa ugonjwa huo ni chanjo, na lengo linalokubalika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Pemba imetuonyesha hilo. Chanjo ilikitokomeza kichaa kisiwani, ilipolegea kikarudi mwaka 2016, na chanjo ikakiondoa tena. Kuua mbwa huacha nafasi inayojazwa haraka na wengine wasiochanjwa. Mbwa aliyelelewa nyumbani anajulikana, anashikika na anachanjika, hivyo malezi haya yanawakinga pia watoto wetu.

Wengine watauliza kuhusu dini. Waislamu wengi wa kwetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na msimamo huo uheshimiwe. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa, na banda lake laweza kukaa nje. Asiyetaka kufuga anaweza kuchangia chakula au chanjo. Kuhusu gharama, hatuombi nyama ya buchani: makombo ya ugali, dagaa kidogo na maji safi vinaweza kumwanzisha. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto wa mbwa anayepewa dagaa kila anapokaa akiamriwa hujifunza upesi kuliko mbwa mzima aliyezoea fimbo.

Basi tuanze na mambo yaliyo mikononi mwetu. Wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano, na wajumbe wa nyumba kumi wahesabu mbwa walio na wenyewe na wasio na wenyewe. Tumwombe afisa mifugo apange siku ya chanjo kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kila mtaa upate kaya chache za kujitolea kulea mtoto mmoja mmoja wa mbwa kwa mwaka mzima, kumzoesha watu, kelele na kamba, na mbwa mkali asikabidhiwe kwa mzee yeyote. Viongozi wa dini na familia wawaulize wazee wa Kagera, kwa staha, nani angependa mwenzi wa namna hii, na anayehitaji daktari asindikizwe hospitali. Ajenda hii iingie katika mkutano ujao wa mtaa wako. Nenda ukaitaje, kisha uandikishe kaya yako ya kwanza.