Msimlaumu Aliyevuka Chini ya Daraja

Mtu akigongwa na gari karibu na daraja la waenda kwa miguu, maneno huwa yaleyale, kijiweni na kwenye taarifa ya habari: daraja lilikuwepo, kwa nini hakupanda? Marehemu hajazikwa, hukumu imeshatoka. Mvivu. Amejitakia. Hana elimu ya usalama barabarani.

Naipinga hukumu hiyo, na naupinga msingi wake, yaani imani kwamba daraja la juu ni hisani kwa anayetembea. Daraja lile hujengwa kwa ajili ya magari. Kazi yake ni kumwondoa mtu njiani ili dereva asilazimike kupunguza mwendo.

Tupige hesabu. Ili lori lenye shehena lipite chini bila kugusa kitu, sakafu ya daraja inatakiwa iwe juu kiasi cha mita 6. Ngazi zikiwa na kimo cha sentimita 15 kila moja, ni ngazi 40 za kupanda na 40 za kushuka. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko inayopanda mita 1 kwa kila mita 12, kwa hiyo atajisukuma mita 72 kupanda na mita 72 kushuka, na hapo upana wa barabara wenyewe bado haujahesabiwa. Taabu yote hiyo ni ya kufika kwenye duka analoliona kwa macho yake, ng'ambo ya pili. Mfikirie mama lishe mwenye sufuria kichwani, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mzee ambaye magoti yamemchoka. Mfikirie binti anayetoka kazini saa tatu usiku, taa za darajani hazifanyi kazi na vibaka wanajua kwamba huko juu hana pa kukimbilia. Dereva naye ameketi, hadaiwi chochote. Anayesafiri kwa nguvu za mwili wake ndiye tuliyembebesha kilima, na mwenye injini tumemsafishia njia.

Chanzo cha haya ni mchoro wa barabara zenyewe. Barabara ya Morogoro ilikuwa njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Jiji likakua kandokando yake: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Leo nyumba iko upande huu, soko upande ule, shule huku, zahanati kule. Ile ni barabara ya mtaa sasa, lakini tunaendelea kuipanua kana kwamba hakuna anayeishi pembeni yake, na kipande cha Kimara hadi Kibaha tumekifikisha njia nane. Nairobi ni hivyo hivyo. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ina urefu wa takriban kilomita 50 na inapita katikati ya Kasarani, Roysambu na Githurai, mahali ambapo watu huvuka kila siku kwenda kazini na kurudi. Wakavuka chini, polisi wakawakamata. Barabara inakata makazi ya watu vipande viwili, halafu anayeshtakiwa ni mkazi anayejaribu kufika kipande cha pili!

Kinachoua ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na takriban robo yao ni waenda kwa miguu. Shirika hilohilo linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtu anayegongwa huongezeka mara 4.5 mwendo wa gari unapopanda kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 65. Sasa ondoa zebra, ondoa matuta, weka daraja na uzio katikati. Umemwambia dereva nini? Umemwambia kwamba njia ni yake na akanyage mafuta. Mtoto atakayekimbilia mpira wake hapo atakutana na gari lenye kasi kubwa kuliko kabla daraja halijajengwa.

Wapo watakaosema kwamba zebra italeta foleni. Wakatazame mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, vituo vyake vipo katikati ya barabara, na vingi hufikiwa kwa kuvuka palepale chini, kwenye zebra na taa. Maelfu huvuka hivyo kila asubuhi na jiji halijasimama. Na dereva akisubiri nusu dakika mwenzake avuke, ameonewa nini?

Tunaweza, maana tumeshafanya. Mradi wa SARSAI, ulioshika mizizi Dar es Salaam, ulizikagua njia wanazopita watoto wa shule za msingi, kisha ukaweka matuta, zebra, alama na njia za pembeni zilizotengwa na magari. Ni vitu vya bei nafuu mno ukivilinganisha na nguzo za zege. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Dunia ilikuja kujifunza kwetu, huku sisi tukiendelea kuagiza vyuma vya madaraja.

Nairobi nayo ilijiwekea sera mwaka 2015 ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi ya jiji kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2022 fahari ya jiji ikawa ni barabara ya kulipia ya kilomita 27, ambayo sehemu yake imeinuliwa juu ya vichwa vyao, na wao hawaruhusiwi kuikanyaga.

Sisemi kila daraja livunjwe. Juu ya reli ya SGR daraja ni lazima, kwa kuwa treni haiwezi kusimama ghafla kumpisha mtu. Gari linaweza. Kwa hiyo ndani ya mji gari ndilo lipungue mwendo: kilomita 30 kwa saa penye shule na masoko, zebra iliyoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu, kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara pana, na vivuko vilivyokaribiana kiasi kwamba mtu hatembei robo kilomita kutafuta pa kuvukia.

Nanyi wahandisi wa TANROADS na TARURA, pamoja na wenzenu wa Kenya, nawaomba jambo moja. Kabla hamjasaini mchoro wa barabara inayopita kwenye makazi, nendeni mkavuke mahali hapo saa kumi na mbili jioni, kwa miguu, mkiwa na ndoo ya maji mkononi na mtoto mgongoni. Mkishindwa, msisaini.