Kikombe cha forfe



Tangu siku ya posho furaha ni nyingi mule enterna. Watu wanapiga sahani sawa ngoma, wanaimba kwamba ekipe yetu ni bingwa. Siye wa kilasi ya tano tunauliza: imemshinda nani? Tulisimama kiwanjani tangu saa nane mpaka karibu saa kumi, na wenzetu wa ng'ambo ya Lukuga hawakutokea. Mwamuzi akatazama saa yake, akapiga filimbi, akaandika: forfe. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyechafua viatu.

Tukisema hivi, wanatujibu: «Forfe ni sheria. Hata Mazembe ilipata kikombe chake cha kwanza cha Afrika vile vile.» Ni kweli. Lakini anayesema hivyo anaishia katikati ya habari, na sehemu iliyobaki njo inayotuhusu.

Ekipe hiyo ilizaliwa shuleni sawa yetu. Mwaka 1939, kule Elisabethville, watawa Wabenedikto waliianzisha kwa ajili ya wanafunzi wao, ikaitwa Saint-Georges. (Ni Wakatoliki, ndiyo, lakini kazi nzuri tuisifu.) Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari, kiisha wakaongeza mbele yake Tout-Puissant, maana yake Mwenyezi. Jina hilo siye tunaliweka kwa Mungu peke yake, lakini tuendelee. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa inchi, na Kikombe cha Kongo, na kile cha Katanga. Hakuna aliyebaki wa kushindana nayo hapa kwetu, ikatoka kwenda kuitafuta Afrika.

Finali ya 1967 ilikuwa na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi, moja kwa moja. Hapa kwetu Kongo, mbili kwa mbili. Tatu kwa tatu kwa jumla! Kwa ile sheria iliyokuja nyuma, ya kupendelea magoli ya ugenini, Kotoko ingechukua kikombe, kwani ilifunga mawili kwetu na Englebert ilifunga moja tu kwao. Sheria hiyo haikutumika. Wakaamua mechi ya tatu, Yaoundé, mwezi wa Desemba. Englebert ilifika. Kotoko haikufika, kwa sababu habari ya mechi haikuwafikia wachezaji kwa wakati. Kikombe kikapewa Englebert.

Je, walikishinda? Siye tunasema walipewa. Hatuwalaumu, wao walisafiri, walikuwa tayari. Lakini angalieni walichofanya nyuma. Hawakukaa Lubumbashi wakipiga sahani. Walirudi tena katika mashindano, na finali ya 1968 waliifunga Étoile Filante ya Lomé tano kwa sifuri. Kule Lomé walipigwa nne kwa moja, na jumla ikawa sita kwa nne. Hicho njo kikombe tunachokihesabu bila kuinamisha macho. Walikuwa wa kwanza Afrika kutwaa kikombe hicho mara mbili mfululizo.

Na Kotoko? Finali ya 1970 iliwakutanisha tena. Kumasi, moja kwa moja, sawa ile mara ya kwanza. Kiisha, Januari 1971, Waghana walikuja huku kwetu wakashinda mbili kwa moja, mbele ya watu wetu. Walingoja miaka mitatu ndipo waipate mechi waliyonyimwa. Siye Wakongo tulilipa deni lile ndani ya kiwanja, na ilituuma.

Sasa turudi Kalemie. Wenzetu hawakukimbia. Barua ya kuwaambia kwamba siku imebadilishwa ilibaki ndani ya daftari la mtu wa hapa hapa kwetu, ikapelekwa siku ya kwanza, mechi ikiwa imekwisha andikwa. Hatutamtaja, yeye mwenyewe amekwisha kusema, na kusema vile mbele ya kilasi si kazi ndogo. Lakini ikiwa tunajua hivyo na bado tunaimba, basi tunaimba nini?

Rafiki mmoja alituuliza: «Ingekuwa wao, wangeturudishia?» Hatujui. Pengine hapana. Na tunaweza kushindwa, tusidanganyane: golikipa wao ni mrefu sawa mwembe, na beki wetu wa kushoto angali anachechemea. Njo maana wengine wanapenda forfe. Tunawaelewa, lakini hatukubali.

Tunaomba hivi. Bwana Prefe atupe kiwanja siku ya posho inayokuja, saa nane na nusu, kabla mvua haijashuka kutoka milimani. Barua ipelekwe na watu wawili, si mmoja, wapite daraja kwa mguu na warudi na sahihi ya mkubwa wa shule ile. Kapiteni wetu amekwisha kukubali, ingawa alikuna kichwa muda mrefu. Wachezaji watatu bado wanakataa. Tunawangoja leo jioni chini ya mwembe wa refektuari, waje tubishane.

Kikombe kingali juu ya meza ya Bwana Prefe. Tafadhali, asikitoe kwanza.

Siye wa kilasi ya tano