Gatini Napo Kuna Hodi

Gati ya Lamu ni tamu kwa mpiga picha, sikatai: majahazi, punda, wachukuzi, boti za Mokowe zikishusha abiria. Juzi nilifuatana na vijana waliokuja kujifunza kazi hiyo. Majahazi waliyapiga vizuri. Lakini akina mama wa mabuibui walipopanda ngazi, nao walielekezewa kamera bila hata salamu. Mmoja alijiziba uso kwa kikapu, na mwalimu kimya! Ati gati ni mahali pa watu wote. Sawa, lakini abiria huyo ana njia gani nyingine ya kushukia? Studioni kwa marehemu Omar Said Bakor, papo hapo Lamu, mtu alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiari yake. Picha za akina mama wale zisitundikwe ukutani kabla wenyewe hawajaulizwa.