Kabla ya Kumnunua Mtoto, Tumuulize Mama Yake

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii yamhusu pia mbwa mdogo wa mbegu safi, apendezaye kubebwa kifuani na kulipiwa fedha nyingi. Tumwonapo amenawiri, twasahau kwamba naye ana mama.

Mama mmoja wa namna hiyo, Lucy, wa mbegu ya Cavalier King Charles Spaniel, aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Kwa kuzalishwa mfululizo katika kizimba chembamba, nyonga zake zilikuwa zimekakamaa na uti wa mgongo umepinda. Mtu mwenye huruma alimchukua, akamlea hadi alipokufa mwaka 2016. Kisa chake kiliwaamsha wananchi, na tangu tarehe 6 Aprili, 2020, wafanyabiashara wa England wamekatazwa kuuza watoto wa mbwa na paka wasiotimiza miezi sita ambao hawakuwazalisha wenyewe.

Sisi twaiunga mkono sheria hiyo. Hata hivyo, sheria haiufikii moyo wa mnunuzi, na fedha za mnunuzi ndizo zilishazo mashamba hayo. Kwa hiyo atakaye mbwa wa mbegu na aanze kubisha hodi kwenye makao ya wanyama waliookolewa. Ni kweli, huenda akapewa mzee, mwoga au mgonjwa, na gharama ya daktari wa wanyama itakuwa juu yake. Asiyeweza mzigo huo na asimchukue. Awezaye atakuwa amemfungulia mmoja kizimba, bila ya kumlipa aliyemfunga.